Alama 4.6 kwa 5 Haiponi kwa Kuongeza Wahojiwa

Swali ni lilelile. Programu ya simu ya kukusanya takwimu za afya imegawiwa wauguzi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, dodoso la kuridhika limeleta wastani wa 4.6 kati ya 5, mfadhili ana shaka. Tuhoji watu wangapi zaidi ili alama iaminike?

Hakuna idadi hiyo. Wingi wa wahojiwa hupunguza kosa la bahati tu: leo umewapata hawa, kesho ungewapata wengine. Kosa linaloelemea upande mmoja hauligusi kabisa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya walioulizwa yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliopelekewa karatasi hawakuzirudisha.

Sasa tazama dodoso lako. Anayeuliza ni msimamizi yuleyule aliyeleta simu. Muuguzi wa Pinga anajua kwamba mradi ukifungwa, simu, vocha na posho ya mafunzo vinakwenda pamoja. Ampe mgeni 2 usoni? Heshima na tahadhari zinaandika 5. Hoji 30, hoji 300: unachopima ni adabu. Wala msiniletee nyuso za kucheka na kununa badala ya namba. Anayeogopa kutaja 2 ataogopa vilevile kugusa uso ulionuna.

Kibaya zaidi ni pale dodoso linapowekwa ndani ya programu yenyewe. Atakayejibu ni mwenye chaji, aliyefikiwa na mtandao, ambaye fomu yake ilikubali kwenda. Aliyeshindwa akarudia daftari la karatasi hayumo. Aliyekimbia kituo mapigano yalipofika hayumo. Kadiri programu inavyozidi kuwashinda watu ndivyo wanavyotoka hesabuni, na wastani unaweza kupanda huku kazi ikifa! Mnawezaje kupeleka takwimu hiyo Kinshasa na kuiita sauti ya watumiaji?

Na huo wastani unaficha. Wauguzi 10 wakitoa 5 na 10 wakitoa 1, unapata 3; wote 20 wakitoa 3, unapata 3 ileile. Onyesheni ni wangapi walichagua kila alama.

Yanayowezekana ni haya. Aulize mtu asiyegawa simu wala posho, bila kuandika jina. Anzeni na orodha ya vituo vyote vilivyopewa programu, vilivyonyamaza vitafutwe kwanza. Ulizeni tukio: fomu ya mwisho ilikwama wapi, ulifanyaje? Kaeni na wauguzi watano wakijaza fomu halisi, mnyamaze, mtazame. Kama fomu zenu ziko kwenye KoboToolbox, inaweza kurekodi saa ya kuanza na ya kumaliza fomu, zisomeni. Mkitaka kipimo cha kawaida, kipo kile cha sentensi 10 kuhusu urahisi wa kutumia mfumo, alichokitunga John Brooke mwaka 1986, alama 0 hadi 100. Wastani wa tafiti nyingi ni karibu 68, kwa hiyo 70 haimaanishi kwamba asilimia 70 wameridhika. Kitafsirini kwa Kiswahili cha Kivu, na sentensi zake hasi zijaribiwe kwa sauti kwanza: anayezisikia vibaya hujibu kinyume cha anachokusudia.