Haydom hadi Arusha: Kilomita 200 za Angani

Umbali wa angani kati ya kiwanja cha ndege cha Haydom, wilayani Mbulu, na kile cha Arusha kilichopo Kisongo ni kilomita 200 hivi. Kwa barabara, kupitia Mbulu mjini na Karatu, safari hiyo inakaribia kilomita 300. Barabara hufuata miinuko na kutafuta mahali pa kuteremkia ukingo wa Bonde la Ufa. Ndege hupita kusini kidogo ya mji wa Mbulu, ikavuka karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Manyara, kisha ikashika nyika za Monduli hadi Kisongo.

Umbali huo hukokotolewa kwa latitudo na longitudo za viwanja viwili. Kila nyuzi ina dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Karibu na ikweta, dakika ya longitudo nayo ina takriban urefu huohuo. Kutoka Haydom hadi Arusha ni dakika 50 kuelekea kaskazini na 97 kuelekea mashariki. Kanuni ya Pythagoras, ileile ya sekondari, inatoa maili 109, ambazo ni kilomita 200 na ushei. Kwa safari ndefu, kama Dar es Salaam hadi London, hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa lazima mviringo wa dunia uzingatiwe.

Muda ni jambo jingine. Cessna 206, ndege ndogo iliyozoeleka katika viwanja vya udongo, huenda kilomita 240 hivi kwa saa. Hewa ikiwa shwari, inamaliza safari hii kwa dakika 50. Lakini upepo wa nchi hii huvuma zaidi kutoka mashariki. Ukiikabili ndege kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, dakika 50 zinakuwa 60. Wakati wa kurudi, upepo ukiwa nyuma, zinapungua hadi 43. Hapo hazijahesabiwa dakika za kupasha injini moto, kupanda juu, na kuzunguka kiwanja hadi mifugo iondolewe.

Mwinuko nao una gharama yake. Haydom iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kuruka, na pengine rubani hulazimika kupunguza mzigo. Kwa safari ya Dodoma, takriban kilomita 230, Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 hubaki upande wa mashariki wa njia, mara nyingi ukiwa na mawingu wakati wa masika.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo iliyokipa kiwanja hicho umuhimu wake. Ndege za MAF, shirika la kimisionari la usafiri wa anga, zimekuwa zikipeleka wauguzi wake kwenye kliniki za mama na mtoto vijijini. Hata hivyo, safari za namna hii hufanyika mchana, rubani akiiona ardhi kwa macho. Kwa mgonjwa anayezidiwa usiku, umbali wa kweli bado ni zile kilomita 300, na lami katika njia ya Karatu, Mbulu na Haydom ni hitaji la kwanza hata kama kiwanja kipo.