Pumzi ya Jirani

Usiku wa Julai, baridi ya Mlima Meru ikishuka hadi Sakina na Kijenge, watu wa Arusha hufunga madirisha. Asubuhi kioo kimelowa. Maji yale yametoka vifuani mwa waliolala humo. Kama mmoja wao ana corona, pamoja na mvuke huo ameachia chembechembe ndogo mno zenye virusi, zinazoweza kuelea kwa saa kadhaa pasipo na upepo wa kuzitoa.

Sasa fikiria bweni la gereza. Hewa tunayoitoa ina kaboni dayoksaidi sehemu 40,000 hivi kwa milioni; ya nje ina 420 hivi. Kipimo bwenini kikifika 2,000, katika kila pumzi 25 unazovuta, moja hivi imekwisha kupita kwenye mapafu ya wenzako. Mlango ukishafungwa jioni, mfungwa hana pa kukimbilia kumwepuka anayekohoa.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Machi 16, 2020, naye alikuwa hapahapa Arusha. Miezi miwili baadaye, janga likiwa limetanda, Félicien Kabuga alikamatwa karibu na Paris. Alitakiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyopo Lakilaki, hapa Arusha, kwa mashtaka ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Mawakili wake walisema ni mzee wa zaidi ya miaka 80, ana kisukari, safari haimfai. Nao wafungwa waliohukumiwa na mahakama za kimataifa, wapo walioitaja corona walipoomba kuachiwa mapema.

Hoja hiyo ina uzito. Kinga ya mwili huzeeka, na kwa corona umri ulishinda karibu kila kigezo kingine cha hatari. Lakini cheti cha daktari hueleza mwili tu, hakisemi neno kuhusu chumba. Kanuni ya 14 ya Kanuni za Mandela, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, inataka dirisha linaloingiza hewa safi, na hilo halimnyang'anyi haki yake manusura wa Rwanda anayetaka hukumu itekelezwe. Hakimu alimhukumu mtu kifungo. Hakumhukumu kuvuta virusi.

Aprili 26, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe wafungwa 5,001, wakiwemo wagonjwa mahututi na wazee. Msamaha wa namna hiyo huwafaa hata wanaobaki: vifua vikipungua bwenini, kila mmoja hupata hewa zaidi. Huwafaa pia askari magereza, ambao jioni hupanda daladala kurudi kwa watoto wao.

Kabuga alipelekwa The Hague Oktoba 2020, madaktari wampime kwanza. Mwaka 2023 majaji waliona akili yake imedhoofika kiasi kwamba hawezi kuendelea na kesi, na Septemba kesi ikasimamishwa bila kikomo. Lakilaki alikuwa hajawahi kufika.