Ugonjwa wa Sukari na Ufizi: Jipime Unachojua

Mtu akiwa na ugonjwa wa sukari huulizwa habari za miguu na macho. Kinywa husahauliwa. Hapa kwetu Bukoba na Muleba meno yakilegea tunasema, "Ni uzee tu." Mara nyingi si uzee.

Sukari ikizidi katika damu, huzidi pia katika mate. Mate yenyewe hupungua na kinywa hukauka. Vijidudu hupata chakula, hukaa katika ukoga kando ya ufizi. Ufizi huvimba, hutoa damu, kisha huachana na jino. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ufizi ulioharibika hufanya sukari ya damu iwe ngumu kushuka. Mgonjwa anameza vidonge kila siku, ameacha chai ya sukari, lakini kipimo hakishuki. Huenda hakuna mtu aliyetazama kinywa chake.

Je, tutajuaje kama mtu anaelewa mambo haya? Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo cha maneno 30 ya meno. Mtu huyasoma kwa sauti, na yale aliyosoma vizuri huhesabiwa. Kipimo hicho ni chepesi, lakini mimi sikitegemei peke yake. Wewe umejifunza kusoma. Unaweza kusoma neno "ufizi" bila kosa. Na bibi asiyejua hata "a" anaweza kujua kwamba damu kwenye mswaki ni dalili ya ugonjwa. Nani kati yenu atawahi zahanati?

Basi jipime. Ufizi ukitoa damu, uache kupiga mswaki? Usiache. Sugua taratibu, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mswaki wa kijiti nao unafaa, ukiwa safi na laini. Na mwenye ugonjwa wa sukari akienda kung'oa jino, aseme nini kwanza? Aseme ana ugonjwa huo, ataje na dawa anazotumia. Asiende na njaa.

Sasa funika gazeti. Mweleze jirani yako, kwa Kihaya au kwa Kiswahili, kwa nini ufizi mbovu huzuia sukari kushuka. Utakapokwama, soma tena. Ukikwama mara ya pili, andika swali lako kwenye karatasi uje nalo siku ya kliniki.