Patasi, Udongo na Kompyuta: Ulinganisho wa Zana za Kuunda Sanamu kwa Mfano wa Kimondo cha Mbozi

Makala haya yanalinganisha programu za uchongaji wa kidijitali na zana za jadi za kuundia sanamu. Mfano uliochaguliwa ni Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, pande la chuma lenye nikeli ndani yake, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi. Mwaka 1930 mtaalamu wa jiolojia, D. R. Grantham, alikikata kipande cha sentimita 10 hivi kwa msumeno wa mkono; kazi hiyo ilichukua saa 10. Msanii anayetaka kuwauzia nakala wasafiri wapitao Tunduma, basi, hana budi kuliumba umbo hilo upya.

Mfinyanzi huongeza na kupunguza udongo apendavyo maadamu haujakauka. Mchongaji wa mpingo, kwa tezo, patasi na tupa, hupunguza tu. Pigo likipotoka halirudi, na katika sanamu za shetani za Wamakonde mkondo wa gogo lenyewe huelekeza umbo.

Katika Blender, inayopatikana bila malipo, au ZBrush, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1999, umbo ni wavu wa pembetatu na pembenne nyingi mno ambao brashi huuvuta au kuubonyeza. Kosa hutenduliwa kwa kitufe. Aidha, picha za kimondo zilizopigwa kutoka pande zote zaweza kuunganishwa kuwa umbo moja, vishimo vyake vyote vikiwamo. Hapa kompyuta hushinda bila ubishi.

Hata hivyo, skrini haina uzito. Msanii aweza kuumba sanamu isiyoweza kusimama, asijue mpaka ichapwe. Nakala ya plastiki ya kitu kizito hivyo huwa nyepesi kama bua. Mgeni ataiinua na kucheka. Kwa maoni ya mwandishi, plastiki itumike kama kielelezo tu: ikandamizwe katika mchanga wenye unyevu, iondolewe, na fundi wa kusubu amimine alumini katika kalibu hiyo. Alumini nayo ni nyepesi kuliko chuma, lakini mkono huihisi, na tupa ya fundi hupata kazi.

Linabaki suala la faili. Anayelimiliki aweza kuzalisha nakala bila kikomo na bila fundi yeyote wa Songwe. Umiliki wake wafaa kuamuliwa kabla ya picha ya kwanza kupigwa.