Kauri za Japani (Sehemu ya Pili): Usianze na Maandishi ya Kitakoni

Wiki iliyopita tuliishia Arita, katika kisiwa cha Kyushu, ambako kauri ya Kijapani ilianza kuchomwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ujuzi wa wafinyanzi waliotoka Korea. Leo tushike chombo chenyewe: jagi la maua, jeupe lenye michoro ya buluu. Nani alilitengeneza, na lini?

Wengi hukimbilia kuligeuza wasome kitako, na hapo ndipo wanapopotea. Tuseme umekuta herufi sita za Kichina katika safu mbili. Zinasomwa toka juu kwenda chini, ukianzia safu ya kulia, nazo zinasema kwamba chombo kilitengenezwa zama za Chenghua, katika ufalme wa Ming. Zama hizo ni 1465 hadi 1487, na wakati huo Japani ilikuwa haijachoma hata kikombe kimoja cha kauri! Hata hivyo, mafundi wa Arita waliziandika mara nyingi. Mimi siuiti ughushi. Kauri ya China ndiyo iliyokuwa kipimo cha ubora, nao waliienzi kwa namna hiyo.

Basi tazama rangi kwanza. Lisogeze jagi dirishani. Kobalti ya asili, ambayo Wajapani huiita gosu, hutoa buluu tulivu yenye ukijivu, iliyokolea hapa na kufifia pale brashi ilipokauka. Kobalti ya viwandani ilienea Arita kuanzia miaka ya 1870, baada ya Mjerumani Gottfried Wagener kuwafundisha mafundi kuitumia. Buluu yake ni kali, inaelekea zambarau, na imelingana kila mahali. Jagi lenye buluu ya namna hiyo si la karne ya 18, hata kitako kikiapa.

Sasa ndipo urudi kwenye alama. Mlima Fuji na kijito chini yake ni alama ya Fukagawa, kiwanda alichokianzisha Fukagawa Chuji mwaka 1894. Ua la okidi ni la Koransha, kampuni ya Arita iliyoundwa 1875. Neno "Nippon" kwa herufi za Kirumi limetokana na sheria ya forodha ya Marekani, ambayo tangu 1891 ilidai bidhaa iandikwe nchi ilikotoka. Mwaka 1921 Wamarekani wakakataa neno hilo, wakataka "Japan". Lakini jagi lisilo na jina la nchi si lazima liwe la kabla ya 1891, kwani bidhaa za soko la ndani hazikuhusika na sheria hiyo.

Ombi langu kwa mwenye jagi la namna hii nyumbani: usisugue kitako kwa tindikali wala steelwool. Alama zilizopakwa juu ya king'arisho baada ya kuchomwa hufutika, na zikifutika hazirudi.