Kumkanda Mtoto Mwenye Usonji

Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, tangu Kivinje hata Mchinga na kusini yake, ni nadra kumpata mtu aliyelelewa katika nyumba ya desturi ambaye mwili wake haukupita mikononi mwa mkandaji. Kwani mama akijifungua hukandwa kwa maji ya moto siku nyingi za arubaini yake, na mwanawe hupakwa mafuta, akanyooshwa mikono na miguu, akasuguliwa mgongo kwa kiganja kilichopashwa joto, mpaka akalala. Walioihifadhi ada hii ni bibi zetu na wakunga, nao waliipokea kwa kuona na kutenda. Basi si ajabu kwamba mzazi aliyeambiwa kuwa mtoto wake ana usonji, na ambaye amekwisha kuzunguka zahanati na waganga asipate dawa, huukumbuka mkono wa bibi, akauliza kama mkono huo uliomtuliza mtoto alipokuwa mchanga hauwezi kumtuliza tena sasa akiwa na miaka mitano au minane. Sisi tunaowahudumia watoto hawa twaulizwa swali hili mara kwa mara. Jawabu langu ni kwamba kukanda kwafaa, lakini kwafaa kwa kiasi chake na kwa masharti yake, na mtu asiyejua kiasi na masharti hayo aweza, kwa nia njema kabisa, kumtesa mtoto aliyekusudia kumfariji.

Usonji si laana, wala si shetani, wala si tunda la malezi mabaya ya mama. Ni namna ambavyo ubongo wa mtu umejengeka tangu utotoni, hata akawa na njia yake mwenyewe ya kusema, ya kuchangamana na watu, ya kushikilia mazoea na kurudiarudia vitendo. Tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na tangu hapo elimu imepanuka hata Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa mizani hiyo hakuna tarafa katika Lindi, Ruangwa, Nachingwea, Liwale wala Kilwa isiyokuwa na watu hawa, ijapokuwa wengi hawajapata kupimwa, nao huitwa kwa majina mengine: bubu, mkaidi, mwenye mapepo.

Niruhusiwe kutaja hapa jambo moja linaloihusu nchi yetu, ingawa laniondoa kidogo katika njia yangu. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walithibitika kuwa na usonji kwa vigezo vya kitaalamu. Na katika hao 14, watoto 3 walikuwa wakikua vyema mpaka walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege, na usonji ukadhihiri walipopata nafuu. Kwa wengine 4 maradhi na usonji vilikaribiana kwa wakati, lakini watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba yamkini ni sadfa, maana malaria huwapata watoto wetu katika umri ule ule ambao usonji huanza kuonekana; na 7 waliosalia hawakuwa na uhusiano wowote na malaria. Idadi ni ndogo, wala haijuzu kusema kwamba malaria ndiyo asili ya usonji. Lakini katika mkoa ambao mbu hawajatuacha, yatosha kumfanya mzazi aone kwamba degedege ni jambo la kukimbizwa zahanati saa ile ile, kabla ya jambo jingine lolote.

Nirudi kwenye mkono na ngozi. Watu wengi hudhani kuwa usonji ni jambo la ulimi na macho tu, yaani mtoto hasemi kama wenzake wala hamtazami mtu usoni, na ngozi husahauliwa. Hata mabingwa wa maradhi ya akili wa Marekani, walipotoa mwongozo wao mpya mwaka 2013, ndipo walipoingiza waziwazi katika dalili za usonji kule kuhisi mno au kuhisi kidogo mno sauti, mwanga, harufu na mguso. Mzazi wa mtoto wa namna hii ayajua haya bila ya kuambiwa. Ndiye anayemwona mwanawe akilia kwa kuchanwa nywele, akivua kanzu mpya ya Idi kwa sababu ya mshono wa shingoni, akiruka kama aliyeungua anapopapaswa shavuni na jirani mwenye mapenzi. Kisha mtoto huyo huyo akajibana kati ya godoro na ukuta, au akajilaza chini ya mito na marobota ya nguo, akatulia tuli.

Hali hizi mbili hazipingani. Chini ya ngozi mna mishipa ya fahamu ya aina mbalimbali: ipo inayopeleka upesi habari za mahali palipoguswa na kwa nguvu gani, na ipo mingine, myembamba na ya mwendo wa polepole, iliyoenea katika ngozi yenye malaika kama ya mgongo na mikono, ambayo huitikia hasa mpapaso wa taratibu, wa kiasi cha sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na ujumbe wake ubongoni ni ujumbe wa raha. Kwa watu wengi wenye usonji mpapaso mwepesi haufiki kwa namna hiyo. Hufika kama mnyeo, au karaha, au hata maumivu, ilhali mkandamizo wa kiganja kizima, ulio imara na usiobadilika ghafula, huwapa utulivu. Temple Grandin, mwanamke wa Marekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947 na baadaye akawa profesa wa elimu ya wanyama, alipokuwa kijana aliona katika shamba la shangazi yake huko Arizona jinsi ng'ombe wanavyotulia wanapobanwa ubavuni katika kizimba cha kuchanjia, akajitengenezea kizimba cha mbao cha kujibana mwenyewe, kwa kuwa alitamani kukumbatiwa asiweze kustahimili kukumbatiwa na watu. Jambo lililo kubwa katika kisa hicho, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyeshika usukani wa kizimba alikuwa yeye mwenyewe: alijibana alipotaka, akajifungua alipotosheka.

Ama uchunguzi wa kukanda wenyewe, ulioongoza njia ni wa Tiffany Field na wenzake katika taasisi ya utafiti wa mguso iliyoanzishwa mwaka 1992 katika chuo kikuu cha Miami. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2001, watoto 20 wenye usonji, wa miaka 3 hadi 6, waligawanywa kwa bahati nasibu mafungu mawili: wa fungu la kwanza walikandwa na wazazi wao dakika 15 kila usiku kabla ya kulala kwa muda wa mwezi mmoja, baada ya wazazi kufunzwa na mkandaji, na wa fungu la pili walisomewa hadithi na wazazi wao kwa muda ule ule, ili isije ikasemwa kwamba kilichofaa ni kule kukaa karibu na mzazi tu. Waliokandwa walipata usingizi bora nyumbani, na shuleni walipunguza vitendo vya kurudiarudia wakawaelekea watu zaidi katika michezo. Huko Oregon, Louisa Silva naye aliwafunza wazazi aina ya ukandaji yenye asili ya China, akapata matokeo yanayokaribiana na hayo.

Habari hizi ni njema, lakini insafu yanilazimu kuziweka kwenye mizani. Mwaka 2011 wataalamu wa Korea na Uingereza walikusanya majaribio yote yaliyostahili kuhesabiwa, wakapata 6 tu, nayo madogo na yenye kasoro. Kasoro iliyo kubwa zaidi ikiwa hii, kwamba mara nyingi aliyeulizwa kama mtoto amepata nafuu ni yule yule mzazi aliyekuwa akimkanda kila usiku kwa matumaini. Hukumu yao ilikuwa kwamba ushahidi ni haba. Nami naikubali hukumu hiyo bila ya kinyongo, kwani haisemi kuwa kukanda ni bure. Yasema tu kwamba asitokee mtu akaahidi zaidi ya usingizi, utulivu na ukaribu wa mzazi na mwana. Na aliyewahi kukaa na mtoto ambaye halali ila saa mbili tatu usiku kucha, mama naye akiamka alfajiri kwenda shambani, hatadharau dawa ya usingizi isiyokuwa na gharama ila kijiko cha mafuta.

Nilimwona bibi mmoja wa Kilwa Kivinje akimkanda mjukuu wake wa miaka sita, mtoto asiyesema. Alitandika mkeka mahali pale pale anapoutandika kila siku, baada ya sala ya isha, taa imepunguzwa. Akaweka bakuli la mafuta ya ufuta ndani ya bakuli la maji ya moto, akajitia tone nyuma ya kiganja kupima joto. Hakutia karafuu wala udi ndani yake, kwa sababu aligundua kuwa harufu kali humtibua mtoto. Kisha alimwonyesha mikono yake, akasema, "Mume wangu, lete mguu," akangoja. Mtoto alikaa kimya muda mrefu, akatazama ukutani, kisha akasukuma mguu mbele. Bibi aliushika wayo kwa kiganja kizima, akaubana, akahesabu kwa sauti moja hadi tano, akaachia. Akapanda kwenye muundi, akabana, akahesabu, akaachia. Kila kiungo kikitajwa jina lake, na hesabu ikiwa ile ile, hata mtoto akajua lini mkono unakuja na lini unakwenda. Alipofika gotini mtoto alikaza mwili. Bibi aliinua mikono papo hapo, akaiweka mapajani mwake. Ikapita kitambo, naye mtoto akamshika bibi kifundo cha mkono, akaurudisha mkono juu ya muundi.

Kwangu mimi kitendo hicho cha mwisho kina thamani kuliko usingizi uliofuata. Mtoto asiyekuwa na neno amesema "basi," akatiiwa. Akasema "tena," akatiiwa. Na hapa ndipo penye mwanzo wa mazungumzo, kwa kuwa aliyejua kwamba ishara yake inasikilizwa atatoa ishara nyingine kesho. Kinyume chake, mtoto aliyeshikwa na watu wawili akakandwa kwa nguvu huku akilia, kwa hoja kwamba atazoea, hujifunza kwamba kukataa kwake hakuna maana, na somo hilo litamdhuru siku atakapoguswa na mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo naishikilia ridhaa ya mtoto kuwa sharti la kwanza, na mengine yote yafuate: aanzwe miguuni au mgongoni, si usoni wala shingoni, mkandamizo uwe imara bila ya kuumiza, akipenda juu ya nguo, akandwe juu ya nguo, akistahimili dakika mbili, dakika mbili zatosha. Mkandaji awe mama, au baba, au bibi aliyemzoea, na mlango usifungwe. Sikubali mtoto asiyeweza kujieleza aachwe peke yake na mkandaji mgeni, hata akiwa mashuhuri kiasi gani.

Yapo na ya kuepukwa kabisa. Mtoto mwenye homa hakandwi, hupelekwa kupimwa malaria. Ngozi yenye vidonda au upele haisuguliwi. Mafuta ambayo hajayazoea yajaribiwe kwanza mahali padogo, kwa kuwa wako watu wanaodhuriwa na ufuta. Kitambaa kilichopashwa juu ya makaa kisimkaribie, maana mtoto wa namna hii pengine hatalia anapoungua. Kifafa huandamana na usonji kwa watoto wengi. Kikimpanda alazwe ubavu, asishikiliwe wala kukandwa, na dawa zake za kifafa zisiachwe hata usiku mmoja kwa sababu eti mafuta yamemfaa. Na asitolewe shuleni wala katika mafunzo ya kusema na kujihudumia, ambayo ndiyo tegemeo lake kubwa, kwa ajili ya kupelekwa kwa mkandaji.

Mzazi unayesoma haya, kama mwanao ametimiza miaka miwili na hasemi hata maneno mawili kwa pamoja, au haitikii jina lake, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, anza na kliniki ya watoto iliyo karibu nawe, uombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sokoine hapa Lindi, na kutoka hapo Muhimbili ikilazimu, apimwe masikio na akili. Kumkanda waweza kuanza usiku wa leo, wewe mwenyewe, bila ya kumlipa mtu. Na akitokea anayesema kwamba mikono yake huuondoa usonji, akataka fedha au kuku au kiwanja, mdai cheti cha usajili wake, kwa kuwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yamtaka awe nacho. Na hata akikuonyesha, usimpe kitu kwa ahadi hiyo.