Chembe cha Moyo Si Moyo: Tuwafundishe Watoto Maneno ya Mwili

Watoto wetu hapa Muscat wanasoma sayansi kwa Kiarabu au kwa Kiingereza, kutegemea na skuli. Nyumbani wanazungumza Kiswahili cha "lete maji" na "funga mlango". Jicho, pua, mkono na mguu wanavijua. Ukivuka ngozi ukaingia ndani, maneno yanawaishia. Figo ni ipi, ini liko upande gani, wengu ni kitu gani, hawana jibu. Na bibi zao wengi hawawezi kueleza maradhi yao vizuri ila kwa Kiswahili.

Kwetu jambo hili lilitufika siku mama yangu alipoamka na maumivu nami niko kazini. Binti yangu wa miaka 14 akampeleka kwa daktari. "Mjukuu wangu, mwambie chembe cha moyo kinanichoma," Bibi akasema. Mtoto akasikia moyo, akatafsiri moyo. Nilipofika nilimkuta Bibi amelala na nyaya kifuani, ameshika tasbihi, macho yamemtoka kwa hofu.

Chembe cha moyo si moyo. Ni pale chini ya mfupa wa kidari, mbavu zinapoachana, juu ya tumbo. Daktari hakukosea kuupima moyo, kwani maumivu ya hapo kwa mtu mzima huweza kutoka moyoni vilevile. Lakini habari za chakula, kiungulia na dawa alizokuwa akinywa hazikuulizwa mpaka nilipoeleza neno lile. Ilikuwa ni tumbo.

Tangu hapo nawafundisha wanangu maneno ya mwili, na naanzia kwa wanyama. Hawaogopi wala hawaoni haya, na ramani ya ndani ya mbuzi inafanana sana na yetu. Sote ni mamalia.

Mamalia ni nani?

Jina hili lilitolewa na Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya titi. Waarabu wanasema thadiyyat, kutoka thadi, nalo ni titi. Kwa hiyo mtoto aliyelisikia neno la Kiarabu darasani maana anayo tayari: mnyama anayenyonyesha. Mbuzi ana kiwele chenye chuchu mbili, ng'ombe ana chuchu nne.

Mamalia pia ana uti wa mgongo, ana nywele japo chache, damu yake ni moto, na anapumua kwa mapafu. Karibu wote huzaa. Ni wachache tu wa Australia na New Guinea wanaotaga mayai. Mtoto hukaa katika mji wa mimba, akilishwa na kondo la nyuma kupitia kamba ya kitovu. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, mwanamke 9, ngamia kama 13.

Darasa la mbuzi wa Idi

Kabla nyama haijaenda kwenye mishkaki, ambayo Waomani huiita mishkak, na kabla ya kufukiwa kwenye shimo la shuwa, mwombe mchinjaji aviweke viungo vya ndani kwa mpangilio.

Anza na kifua: moyo, na mapafu mepesi kama sponji. Kati ya kifua na tumbo pana kiwambo, msuli mwembamba uliotandazwa kama ngozi ya ngoma. Kikishuka, tunavuta pumzi. Kikishtuka, tunapata kwikwi. Kiwambo cha namna hii ni cha mamalia peke yao, kuku hana.

Chini yake liko ini, na mfuko wa nyongo umelibana. Kushoto pana wengu, ambayo wengine huiita bandama. Huko mgongoni zimo figo mbili, umbo la haragwe. Tumbo la mbuzi lina vyumba 4, kwa sababu hucheua: huyarudisha majani kinywani akayatafuna upya.

Ngamia naye hucheua, lakini tumbo lake lina vyumba 3, na mfuko wa nyongo hana kabisa. Mwanangu mdogo aliuliza, "Mama, sasa nyongo yake inakwenda wapi?" Swali zuri. Nyongo hutengenezwa na ini. Kwa ngamia inateremka moja kwa moja kwenye utumbo bila kuwekwa akiba. Na nundu yake ni mafuta, si maji.

Mifupa ya nyangumi

Kwa mifupa, mwalimu wetu amekuwa nyangumi. Makumbusho ya Historia ya Asili yaliyofunguliwa Al Khuwair mwaka 1985 yana ukumbi wa nyangumi, na tulipoyatembelea niliwataka watoto wataje walichokiona: fuvu, taya, meno, mbavu, pingili za uti wa mgongo. Ndani ya pezi la nyangumi umo mkono mzima: mfupa wa juu, mifupa miwili ya kigasha, na vidole. Shingoni zimo pingili 7, sawa na za panya, ngamia, twiga na sisi.

Pomboo wa pwani ya Muscat, kama wale wa Kizimkazi, hupiga mkia juu na chini. Samaki huupeleka kulia na kushoto. Uti wa mgongo wa pomboo hupinda kama wa mbuzi akikimbia, maana asili yake ni mnyama wa nchi kavu.

Nyumbani kwako

Maneno matano kwa wiki yanatosha. Mtoto alitaje neno huku akigusa mwili wake mwenyewe, kisha ampigie simu bibi yake alitumie katika sentensi. Bibi atasahihisha, na mazungumzo yatavuka "hujambo, sijambo".

Wafundisheni pia misemo inayodanganya. "Moyo umenichafuka" ni kichefuchefu. "Ana kifua" huenda ni kikohozi au pumu, na huenda mtu anasifiwa kwa kutunza siri. "Moyo unanienda mbio" ndio moyo hasa, na daktari aambiwe upesi.

Nanyi wanafunzi wa uuguzi na udaktari mlioko huku na Ulaya, mnaoitwa na jamaa kuwatafsiria wazee, shikeni kanuni moja: kabla ya kutafsiri, mwambie mzee, "Bibi, weka mkono panapouma." Mtazame mkono umetua wapi, ndipo umgeukie daktari.